Shule ya maofisa iliyokosa msemaji: Luluabourg, bunge na Julai 1960 hapa Lubumbashi

LUBUMBASHI, Bel-Air. – Ukiuliza njia ya kampi Vangu, hata mtoto atakuelekeza. Ukiuliza kampi Massart, itabidi kwanza umtafute mzee. Ni kampi ileile. Jina la Massart ndilo lililojulikana usiku wa tarehe 9 Julai 1960, wakati askari wa Force Publique walipowageukia wakubwa wao na risasi zikasikika mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Wazungu kadhaa waliuawa usiku ule, akiwemo makamu wa konseli wa Italia. Kesho yake askari wa miavuli wa Ubelgiji waliingia mjini. Tarehe 11, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake.

Wengi wamezoea kueleza mambo hayo kwa kuanzia Kinshasa, tarehe 5 Julai, pale Jenerali Émile Janssens alipochukua chaki mbele ya askari wake na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Ubao ule ulikuwepo kweli, na maneno yale yaliandikwa kweli. Lakini ubao haukuwafundisha askari jambo jipya. Uliwaambia tu waziwazi kile walichokwisha kukiona kwa miaka mingi: hapakuwa na shule iliyokusudiwa kuwafanya wawe maofisa wa kuiongoza nchi yao, na hapakuwa na mtu mahali sheria zinapotungwa aliyelisimamia jambo hilo mpaka likamalizika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000. Maofisa wake walizidi 1,000, na wote walikuwa Wabelgiji. Mkongomani aliyefika juu kabisa alikuwa ajuda, na ajuda si ofisa. Hapakuwa na luteni Mkongomani hata mmoja.

Kwa watu wa Katanga kuna jambo linaloonyesha vizuri zaidi ajabu ya hali hiyo. Stefano Kaoze, mtoto wa upande wa Tanganyika, alipewa upadre mwaka 1917. Mwaka 1956 Pierre Kimbondo akawa askofu. Yaani Wabelgiji walikubali Mkongomani afundishwe Kilatini na teolojia kwa miaka mingi, asimame altareni, hata Mzungu apige magoti mbele yake akipokea sakramenti. Lakini Mkongomani kuamuru kikosi cha watu thelathini, hapana. Wamisionari walikuwa na seminari na walikuwa na haraka. Jeshi halikuwa na seminari yake, na wala halikuwa na haraka.

Siyo kwamba jeshi lilikosa shule kabisa. Kule Luluabourg, Kananga ya leo, palikuwa na École Centrale. Vijana waliojua kusoma walipelekwa huko, wakatoka wakiwa makarani, wahasibu na masajini. Mmoja wao alikuwa Joseph-Désiré Mobutu. Alikuwa amefukuzwa katika shule ya wamisionari huko Coquilhatville, siku hizi Mbandaka, na adhabu yake ikawa kuandikwa jeshini kwa miaka saba. Luluabourg alifundishwa ukarani na uhasibu, kisha akafanya kazi makao makuu Léopoldville, akafikia cheo cha sajini-meja. Mwaka 1956 aliliacha jeshi, akaingia katika kazi ya gazeti. Akili alikuwa nazo, na shule yake ilimpa mashine ya kuandikia na vitabu vya hesabu. Kwa kijana mwenye akili kama zile, ndani ya jeshi la Bula Matari, njia ya kupanda ilikomea hapo.

Sababu haikuwa siri. Bula Matari aliliunda jeshi hilo kwa amri ya mwaka 1888 ili kuitawala nchi, siyo kuilinda dhidi ya adui wa nje. Askari wa makabila mbalimbali walichanganywa, wakapelekwa kufanya kazi mbali na kwao, na kuamrishwa kwa Lingala, ili siku ya kupiga raia mkono usisite. Elisabethville inajua maana yake. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wakidai mshahara. Gavana Amour Maron alikuwepo. Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, aliuawa pale, na baada yake makumi ya watu. Walioshika bunduki walikuwa Wakongomani. Aliyeamuru hakuwa Mkongomani.

Na jeshi lenyewe liliwahi kuasi, tena zaidi ya mara moja. Luluabourg iliasi mwaka 1895. Luluabourg hiyohiyo ikaasi tena Februari 1944, baada ya askari wa Kongo kurudi kutoka Ethiopia, ambako mwaka 1941 waliwashinda Waitalia Asosa na Saio. Mtu aliyeona jenerali wa Kiitalia akisalimu amri mbele ya jeshi lao hawezi kukubali kwa urahisi kwamba yeye ameumbwa kubeba mizigo ya luteni. Wakubwa wa jeshi, badala ya kusoma hapo haja ya kufungua shule, walisoma haja ya kuifunga njia zaidi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini waliosoma Luluabourg hawakuungana, wakadai shule ya juu? Wenzao wa shule za kiraia walifanya hivyo. Wanafunzi wa zamani wa mapadre wa Scheut walikuwa na chama chao, ADAPES, tangu mwaka 1925. Wale wa Mafrère walikuwa na chao, na wa Mamaristi vilevile. Kwa macho ya mkoloni vilikuwa vyama vya mpira, michezo ya jukwaani na kusaidiana penye kilio. Lakini humo ndimo watu walimojifunza kuongoza mkutano, kuandika barua kwa mkubwa bila kutetemeka, na kuchagua mwenyekiti kwa kura. Mwaka 1946, mbele ya UNISCO, umoja uliowakusanya viongozi wa vyama hivyo, Joseph Kasa-Vubu alitoa hotuba juu ya haki ya mwenye ardhi wa kwanza, na Wabelgiji wakashtuka. Miaka kumi na nne baadaye alikuwa rais wa nchi.

Askari hakuruhusiwa lolote kati ya hayo. Mtu wa kampi aliishi kampini, mkewe aliishi kampini, watoto walicheza kampini, na siasa ilikatazwa kupita mlangoni. Shule ya Luluabourg ilitoa wanafunzi wengi lakini haikuwa na chama chao cha kuitetea, wala deputé wa kuipigania. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo.

Nguvu ya chama cha namna hiyo inaonekana vizuri katika habari moja ya mbali, ya Marekani. Katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, bunge la jimbo lilianzisha shule ya kijeshi mwezi Desemba 1842. Inaitwa The Citadel. Ilizaliwa na hofu: wenye watumwa walikuwa bado wanakumbuka mpango wa uasi wa Denmark Vesey wa mwaka 1822, nao walitaka ghala la silaha lilindwe na vijana wao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, jeshi la serikali kuu lililoshinda liliyakalia majengo, na shule ikafa. Kwa miaka kumi na miwili hivi hakuna aliyeifufua. Ndipo mwaka 1877 wanafunzi wa zamani walipounda chama. Kazi yake ilikuwa moja: kuwaendea wabunge wa jimbo na wakubwa wa serikali kuu, kuandika, kuomba, kusumbua, mpaka shule irudishwe. Mmoja wao, Johnson Hagood, aliyekuwa jenerali wa vita vile, alichaguliwa gavana mwaka 1880. Tarehe 31 Januari 1882 sheria ya kuifungua upya ilipatikana, na mwaka uleule makadeti wakarudi darasani.

Habari hiyo isisomwe kama hadithi ya watu wema. Ndani ya mwaka huohuo wa 1882, South Carolina ilipata sheria ya masanduku manane ya kura, iliyotungwa ili mtu asiyejua kusoma akosee sanduku na kura yake itupwe. Waliokusudiwa ni watu weusi, ambao miaka michache kabla walikuwa na wawakilishi wengi katika bunge lilelile. Waliorudishiwa shule walikuwa na sauti bungeni, na walionyang'anywa kura wakaondolewa humo. The Citadel ilimpokea kadeti mweusi wa kwanza mwaka 1966. Wanafunzi wa zamani wakiwa na nguvu mbele ya wabunge, shule yao hupona. Kama nchi nayo inapona ni swali jingine. Ila jambo la kwanza lilithibitika Charleston: mlango wa shule ya maofisa hufunguliwa na sheria, na sheria hutafutwa na watu waliojipanga.

Katika Kongo ya mwaka 1960 kujipanga huko kulikuja kwa kuchelewa, na kukaja kwa barua. Tangu mwanzoni mwa mwaka malalamiko ya askari yalianza kutoka kampini. Mengine yalichapwa magazetini, mengine yaliwafikia wanasiasa. Yalisema jambo moja kwa namna nyingi: makarani wanakuwa mawaziri, sisi tunabaki masajini? Waliomaliza Luluabourg wakati uleule na watu wa magazeti na wa ofisi za komini waliwaona wenzao wakipanda ndege kwenda Brussels.

Brussels kulikuwa na Meza ya Duara, kuanzia Januari hadi Februari 1960. Wakubwa wa vyama vya Kongo walikaa na wabunge na mawaziri wa Ubelgiji, wakazungumza juu ya siku ya uhuru, umbo la nchi, uchaguzi. Askari hawakuwa na kiti. Sheria ya Msingi ya Mei 1960, iliyopitishwa na bunge la Ubelgiji, iliiacha Force Publique mikononi mwa wakubwa walewale. Mpango wa Janssens ulikuwa kwamba vijana wachache wasomeshwe polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka wafikie uofisa. Mtu akitazama kalenda tu anaona kwamba luteni wa kwanza wa mpango huo angevaa nyota uhuru ukiwa umezeeka.

Haitoshi kuwalaumu Wabelgiji peke yao. Wakubwa wa Kongo nao hawakutaka kuligusa jeshi kabla ya kuketi vizuri. Patrice Lumumba mwenyewe aliwahi kusema hadharani, kabla ya uhuru, kwamba uhuru hautamfanya askari wa daraja la pili kuwa jenerali. Kwa mantiki ya kazi alisema kweli. Uofisa haugawiwi kama sukari. Lakini askari walisikia katika sauti ya Mkongomani neno lilelile walilolizoea kutoka kwa Mzungu. Kisha Lumumba akawa waziri mkuu na pia waziri wa ulinzi, huku Janssens akibaki juu ya jeshi. Bunge jipya, lenye wawakilishi 137, lilikutana mwezi Juni, wiki chache tu kabla ya ubao ule. Lilipata muda wa kuchagua rais na kuikubali serikali. Shule ya maofisa haikufika mezani.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Julai askari wa Thysville waliasi. Lumumba aliwapandisha wote cheo kimoja, halafu akamwondoa Janssens. Tarehe 8 serikali iliamua kwamba uofisa uwe wa Wakongomani, na katika kampi nyingi askari wakawachagua wakubwa wao wenyewe. Mkubwa wa jeshi zima aliteuliwa Victor Lundula, burgumestri wa Jadotville, Likasi ya leo, aliyekuwa amewahi kuwa sajini wa tiba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Chini yake, mkuu wa kazi za jeshi, akawekwa kanali Mobutu, karani wa Luluabourg. Kwa siku nne jeshi lilipewa kile lililonyimwa kwa miaka sabini, lakini bila shule, bila mazoezi, na huku mji baada ya mji ukiwaka.

Hapa Elisabethville neno la tarehe 8 lilifika likiwa limechelewa au halikuaminiwa. Baada ya usiku wa kampi Massart, kikosi kilinyang'anywa silaha, na askari wengi wasiokuwa wa Katanga waliondolewa pamoja na wake na watoto wao, watu ambao wengine walikuwa hawajui kwao kwingine isipokuwa kampi. Mahali pao meja Guy Weber, Crèvecoeur na Wabelgiji wengine walimsaidia Tshombe kuunda jandarmeri ya Katanga. Jeshi likavunjika vipande: la Léopoldville, la Kisangani, la Kasai ya Kusini, la Katanga. Kila kipande kikawa na jenerali wake, hakuna chenye shule.

Familia zilizokimbia vita na kuishi leo Lubumbashi zitaelewa haraka sehemu inayofuata. Jandarmeri hiyo ilipopelekwa kaskazini kupigana na vijana wa Balubakat, vijiji vilichomwa kwa pande zote mbili. Mwezi Agosti na Septemba 1961, ndani ya Elisabethville yenyewe, Baluba waliokuwa wakitafutwa nyumbani kwao walianza kukimbilia penye vikosi vya ONU. Kwa muda wa wiki chache walizidi 30,000, wakaendelea kuongezeka. Walijenga vibanda kwa mabati ya kuokota, mbao na majani, wakapanga foleni ya maji, wakazika watoto. Kampi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1962, watu waliporudishwa Kasai na kaskazini mwa Katanga. Wazee waliokuwa watoto wakati ule wamo bado katika Kampemba, Kenya na Katuba, na wanapoona leo mahema ya waliokimbia Mitwaba, Pweto au Goma hawahitaji kuelezwa.

Kuhusu wanafunzi wa zamani wa Luluabourg, mmoja wao alipata njia fupi kuliko zote ya kuzungumza na wabunge. Tarehe 14 Septemba 1960 Mobutu alitangaza kwamba anawaweka wanasiasa kando, rais, waziri mkuu na bunge pamoja. Nchi alimkabidhi baraza la makomisari, wengi wao vijana waliosoma vyuo vikuu. Wabunge hawakukusanyika tena mpaka Julai 1961, wakifungiwa Lovanium ili wakubaliane serikali. Tarehe 24 Novemba 1965 akatwaa nchi yote, na mwaka 1966 akajichukulia hata uwezo wa kutunga sheria. Karani aliyekosa shule ya kumfanya ofisa hakuwa na haja tena ya kuomba bunge chochote.

Haki ni haki: chini yake shule zilijengwa. Vijana walipelekwa Ubelgiji, wengine Israeli, ambako Mobutu mwenyewe alijifunza kuruka kwa miavuli mwaka 1963. Kananga ilipata shule ya kuunda maofisa, École de Formation d'Officiers, ambayo wote wanaiita EFO. Kwa miaka kadhaa nchi ilionekana kuanza kupata watu waliosomea kazi hiyo kweli. Kisha vikaja vita vya Shaba vya 1977 na 1978, wajukuu wa jandarmeri ile wakitokea Angola. Mwezi Machi 1978, katikati ya vita viwili hivyo, watu 13 walihukumiwa Kinshasa kwa kula njama na wakapigwa risasi, miongoni mwao maofisa. Wengine wengi walifukuzwa jeshini, na mikoa kama Shaba na Kasai ikaangaliwa kwa shaka wakati wa kuchagua wanafunzi wapya. Shule ilikuwepo, mlango wake ulifunguliwa na kufungwa na mtu mmoja. Waliotoka humo hawakuwa na pa kulalamikia, kwa maana bunge la wakati ule lilikuwa la chama kimoja na kazi yake ilikuwa kupiga makofi.

Katiba ya mwaka 2006 ililiondoa jambo hilo mkononi mwa mtu mmoja, angalau kwa maandishi. Kifungu cha 189 kinataka watu wa jeshi, kwa ngazi zote na katika ukubwa wowote, wachaguliwe kwa afya ya mwili, elimu ya kutosha na tabia iliyopimwa, na majimbo yote yawakilishwe kwa haki. Muundo wa jeshi unawekwa na sheria ambayo bunge linapaswa kuipiga kura, na pesa za shule zake zinapita katika bajeti ambayo wabunge wanaisoma kila mwaka. Haut-Katanga ina wabunge wake Kinshasa. Wakati wa kura wanapita Bel-Air na mitaa mingine ya Kampemba wakiomba sauti, na mzazi mwenye mtoto aliyemaliza sekondari na anayetaka uofisa anaweza kuwauliza swali ambalo askari wa 1960 waliliandika kwenye barua: watoto wangapi wa jimbo hili waliingia shule ya maofisa mwaka huu, na kwa mtihani gani. Treni ya kutoka Lubumbashi, ikipita Kamina, bado inafika Kananga.